Hayupo Pichani

Mtu aliyesimama katikati ya mstari unamtoaje kwenye picha? Sikujua. Nilikuwa kidato cha nne, mhariri wa kitabu cha mwaka cha shule yetu ya Mbagala, na klabu ya habari ilikuwa imenifundisha kwamba kukropu ni kukata pembeni: unaondoa ndoo, mguu wa mpita njia, ukuta wa choo. Rafiki yangu hakuwa pembeni. Picha ya wasichana wa mkondo wetu ilikuwa na watu kumi na watatu, naye alikuwa wa saba. Ilipigwa kabla tumbo lake halijaonekana na kabla hajaacha kuja shule.

Mwalimu mlezi wa klabu hakutaka mjadala. "Huyo si mwenzenu tena. Wazazi watakuja mahafali, kitabu watakifungua."

"Kwani amefukuzwa, mwalimu?"

"Wewe kila kitu lazima uulize. Mtoe."

Nikaenda steshenari ya jirani, alikokuwa kijana aliyetupangia kurasa. Aliitazama picha, akacheka. "Sista, huyu hakropiki. Ila mkunjo upo. Tunaitandaza picha kurasa mbili, yeye anaangukia katikati, gundi inammeza."

"Na mkono wake? Ameuweka begani kwangu."

"Utabaki. Nani anahesabu mikono?"

Nilikubali. Hakuna aliyenilazimisha pale. Ila nilijiona mjanja: kwenye maelezo ya picha niliorodhesha majina yote kumi na matatu, kutoka kushoto, na baada ya jina lake nikaweka mabano, kama magazeti yanavyofanya kwenye picha ya watu wanaomsikiliza waziri asiyeonekana: (hayupo pichani). Mwalimu alikagua picha, maelezo hakuyasoma. Kwangu huo ulikuwa ushindi.

Wiki ya mahafali nilimpelekea nakala kwao. Mama yake aliitikia shikamoo yangu huku akilalamika, "Marahaba. Hebu mwambie ale, kutwa yuko na madaftari." Nilimkuta kibarazani, miguu imevimba, anafanya maswali ya hesabu ya mitihani iliyopita. Alifungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mkunjo, kisha akasoma chini ya picha.

"Kwa hiyo sipo."

"Upo, bwana. Jina lako si hilo?"

"Jina lipo kusema kwamba mie sipo." Alisoma tena. "Nilidhani wamenisahau tu. Nikasema siku ya mtihani naenda, wakinitoa wanitoe. Kumbe walishaamua."

"Nimeandika mimi hayo."

"Wewe ungeandika bila kuambiwa?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mabano, jinsi nilivyompiga chenga mwalimu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Yeye alikuwa ameshafunga daftari.

Kwenye mtihani hakuja. Mimi nilifaulu, nikaenda chuo, nikasomea habari, nikafundishwa kutilia shaka kila chanzo. Sikuwahi kumtilia shaka mwalimu mlezi, wala sentensi yangu mwenyewe. Rafiki yangu aliolewa Kinyerezi, akaachika. Tukikutana sokoni anageukia upande wa pili.

Mwaka jana nilimkuta aliyekuwa mwalimu wetu wa taaluma, sasa mstaafu, nikamuuliza habari za barua ya kumfukuza rafiki yangu. Aliniangalia kwa mshangao. Barua haikuwahi kuandikwa. Namba yake ya mtihani haikufutwa, na katika chumba cha pili, si changu, meza yake iliwekwa kila asubuhi hadi karatasi ya mwisho.