Bi Vichupa na Mafuta ya Karanga

Wenzake wa maabara walimwita Bi Vichupa, maana mikono yake haikukaa bila kichupa cha kioo. Kazi yake ilikuwa kupima sumu kwenye vyakula kabla havijafika madukani, na aliipenda kufa. Lakini siagi ya karanga ilimtoa jasho. Kila alipotia sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, kwenye siagi safi ili kujaribu kipimo, mashine iliona nusu tu. Nusu nyingine ilifichwa na mafuta.

"Achana nayo," mkuu wa maabara alimwambia. "Nusu si haba."

"Mkuu, hiyo tusiyoiona ndiyo watakayoila watoto."

Akajifunga kibwebwe. Akabadilisha kimiminika cha kutolea sumu, akatikisa sana, akatikisa kidogo, akapasha moto. Wapi! Mashine ikaziba, na fundi aliyekuja kuisafisha akanuna kutwa nzima.

Jumapili moja wifi yake, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alifungua friji akapiga kelele. "Wifi! Huu mchuzi mbona umevaa kofia?"

Mafuta yalikuwa yameganda juu, meupe pe, na mchuzi umetulia chini. Bi Vichupa akayagonga kwa mwiko, kisha akaanza kucheka.

"Haya, ameshachanganyikiwa," wifi akasema.

Jumatatu akagandisha vichupa vyake vyenye kimiminika kilichotolewa kwenye siagi. Mara ya kwanza mafuta yaliyeyuka wakati wa kuchuja, akaambulia patupu. Akapoza na chujio lenyewe. Safari hii mafuta yakang'ang'ania kwenye kuta za kichupa, kimiminika chenye sumu kikapita, na mashine ikaiona sumu karibu yote. Akarudia, ikaiona tena.

Mkuu hakutaka kuamini kirahisi. Akaomba maabara nyingine ilete chupa za siagi zilizofungwa, kiasi cha sumu wakijue wao tu. Siku ya majibu simu ikawekwa sauti ya juu, watu wote wakasogea. Bi Vichupa akasoma majibu yake, simu ikaitikia: sawa, sawa, sawa.

"Ya mwisho haina kitu," akasema.

Simu ikacheka. "Hiyo tuliiweka makusudi. Haina kitu kweli!"

Mkuu akamshika mikono yote miwili. "Hongera, mama. Na mimi ndiye niliyekwambia uache!"

Wiki hiyohiyo shehena ya siagi yenye sumu, ambayo kipimo cha zamani kingeipitisha, ilizuiwa ghalani. Habari zilipomfikia, Bi Vichupa akapiga kigelegele akiwa na koti lake jeupe, mpaka mlinzi akaja mbio.