Magunia Thelathini Kwenda Namanga

Mwaka huo wa tisini na kitu, redio ilikuwa haimalizi taarifa ya habari bila kututangazia kwamba Afrika Mashariki inaungana upya na masoko yanafunguliwa. Sisi wa Ifakara tukasema, kama yanafunguliwa, nani mwenye mchele unaonukia hadi kwa jirani wa tatu kama si sisi? Kikundi cha kina mama wakulima kikampata mnunuzi kutoka Kenya, Bwana Kimani, aliyetaka magunia thelathini. Mwenyekiti wao, Mama Fabiola, akanichagua mimi niwe msindikizaji wa karatasi. Nilikuwa nimetoka kufaulu kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na mjini hapakuwa na fomu iliyoweza kunitisha. Kibali nilikijaza mwenyewe: magunia thelathini, kila moja kilo mia. Kilikuwa kibali cha kwanza cha kikundi kuuza nje ya nchi, na afisa aliyetupa alituonya: mkikosea hiki, msitegemee kingine.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Ifakara kwa trekta na tela, kwa kuwa lori la Kimani lilikataa kuvuka Mang'ula kwa ajili ya matope. Yale matope, ndugu zangu, yangeweza kumeza kanisa na kengele yake. Mimi na Mama Fabiola tulikaa juu ya mzigo, na njia nzima nikamhubiria habari za forodha, ushuru na soko la pamoja.

"Profesa wa jioni," akasema, "ukinyamaza kidogo hata trekta litapumua."

Saa nne tulipita Kiberege bila kusimama. Milima ya Udzungwa ilikuwa kushoto kwetu, imejifunika mawingu, na dereva akaapa kwamba trekta lake limewahi kuipanda. Sikumbishia, maana nami nilikuwa nimeshamwambia kwamba mpaka wa Namanga naujua kama chumba changu.

Saa sita kasoro tukafika Mang'ula. Kimani alikuwa ameegemea lori lake, saa mkononi.

"Shikamoo mama. Karibuni. Lazima nitoke hapa saa tisa, kibali cha gari kinaniishia kesho kutwa mpakani."

"Marahaba mwanangu. Saa tisa mbona mbali! Tutapakia upesi."

Penye kizuizi cha mazao hapo hapo Mang'ula, kabla hatujapakia, afisa aliyekuwa zamu alisoma karatasi zangu mara mbili. Nikajivuna. Kisha akaamuru gunia moja lipandishwe mzanini, na la pili, na la tatu.

"Karatasi inasema mia, mzani unasema mia na ishirini. Nimwamini nani? Nyie mnaficha mzigo."

"Tumeuficha wapi, baba?" Mama Fabiola akashika kiuno. "Si huo hapo juu unaonekana toka Ifakara?"

Kweli ulionekana. Kila gunia lilikuwa lumbesa: limejazwa likafurika, halafu juu likashonewa kofia ya kipande cha gunia jingine. Kimani akaigusa ile kofia.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ya kwako. Wanunuzi wote huitaka. Tukaona wewe umetoka mbali, tukakushindilia zaidi."

"Lakini mimi niliitisha kilo mia tu!"

Mama Fabiola akanigeukia. "Profesa, haya hukuyasoma?"

Niwaambie ukweli. Jioni tatu nilikuwa nimewafundisha kina mama sheria zote za mpakani, halafu asubuhi ya nne nikakaa nao tukashona kofia, mimi nikishona tisa kwa mkono wangu. Nimezaliwa nikiona gunia lina kichwa. Sikujua kama kuna gunia lisilo nacho.

Afisa alikuwa ameshatoa kalamu. Akisema ameuzuia mzigo, kibali kimekufa na kikundi kimekufa nacho.

"Mzee," nikamwambia, "karatasi hii haibadiliki. Mchele unabadilika. Tupe nafasi tuupunguze hapa hapa, mbele ya macho yako, mpaka mzani wako ukubali."

Kimani akamwambia lori lake lazima litoke saa tisa. Afisa akatutazama, akatazama jua. "Lori linatoka saa tisa? Basi hadi saa tisa. Likibaki hata moja na kofia, nazuia yote."

Wasomaji, tulifanya kazi ambayo jeshi lingeomba likizo. Dereva wa trekta alifumua, Mama Fabiola akachota kwa ndoo, mimi nikapima, Kimani akavua koti na kushika sindano ya magunia. Kilichozidi tukakitia kwenye magunia matupu kutoka lorini mwake. Saa tisa kasoro robo afisa akagonga muhuri. Pembeni yalibaki magunia sita, yamejaa.

"Nayachukua pia," Kimani akasema.

"Kibali ni thelathini," afisa akajibu. "Hayo sita yaombewe kibali kingine."

Lori likaondoka. Mama Fabiola aliyazunguka yale sita, akayapigapiga kama mtu anayewatambua watoto wake.

"Kumbe haya ndiyo ninayowapa wanunuzi bure, mwaka nenda mwaka rudi."

Saa kumi na moja, tukirudi, tulisimama Kiberege dereva apooze mashine. Mlanguzi mmoja akasogea telani, akayakagua magunia sita.

"Mama, mbona yana upara? Ongeza kichwa tuelewane."

"Hapo hapo kwenye upara ndipo kilo mia zinapoishia. Lete mzani."

"Mzani? Hapa Kiberege?"

"Basi nasubiri." Akakaa juu ya gunia, akakunja miguu.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani sheria za soko kubwa ni za kule mpakani, kwa watu wenye malori. Kumbe sheria ya kilo mia ilikuwa ya Mama Fabiola siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewalazimisha wanunuzi waifuate.

Yule bwana alinung'unika, akaondoka, akarudi na mzani wa kuazima kutoka mashine ya kukoboa, ameufunga juu ya baiskeli. Watu wakakusanyika, na gunia la kwanza likapandishwa.

"Soma, Profesa," Mama Fabiola akasema. "Soma kwa sauti, na hawa wengine wasikie."

Nikasoma, na nadhani hata watu wa kule Mahenge walinisikia: "Kilo mia!"