Makopo ya Bibi Sauda

Usiku ule wa kuamkia ukaguzi wa mwenye nyumba nililala na hasira zangu. Mchicha wa kikundi chetu cha kina mama ulikuwa umekauka kwenye magunia yote, hapo uani kwetu Tandika, na mzee yule alishaapa: asipoona jani la kijani, magunia nje, bajaji zake ndani. Wengine wetu hatuna pengine pa kupanda hata kitunguu. Nami nilishamwambia jirani yangu Mama Neema, tena usoni, kwamba kijicho chake ndicho kimetuua mchicha.

Basi, Bibi Sauda akaingia bila hodi. Huyu ndiye aliyetuanzishia kikundi, akafariki kabla hatujapanda safari hii. Enzi zake kujaza magunia ilikuwa kazi yake. Sisi tulikaa kivulini tunakunywa chai na kumsifia.

"Shikamoo, Bibi."

Akasema, "Makopo yangu yako wapi?"

Kabla sijajibu, tuko ndani ya gunia. Sijui tumeingiaje. Limekuwa kubwa kama sebule, udongo umepasukapasuka, na mizizi ya mchicha imekaa pembeni imenuna kama wakwe waliocheleweshewa chakula. Katikati yamesimama makopo ya maziwa yaliyotolewa vitako, yamejaa kokoto, moja juu ya jingine mpaka juu. Tuliyapanga sisi, tukajipongeza kabisa.

Maji yanamwagwa. Yanateremka ndani ya makopo, yanatupita hivihivi, yanatokea chini na kwenda zake. Mizizi haipati hata tone. Bibi anashika kopo, analivuta juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama zenyewe, na maji yanapenya kati yake yanaingia kwenye udongo. Mizizi inanipa kisogo, inakunywa.

"Kopo ni la kupandisha kila unapojaza, si la kuzika," anasema. "Mmenizika mimi, inatosha."

Mara tupo msibani kwake, masufuria yanachemka, na marehemu mwenyewe anazunguka na mwiko anaonja pilau, anakunja uso. Nacheka, halafu nalia, maana jamani, nimemkumbuka yule mwanamke! Ananiangalia.

"Nyamaza. Una mwenye nyumba, mimi nina safari."

Nikashtuka. Kumeanza kupambazuka, mto umelowa. Nikatoka mbio na khanga moja, nikazamisha mkono kwenye gunia la kwanza mpaka kwapani. Dirisha la Mama Neema likafunguka.

"We Mama Shani, umerukwa na akili?"

"Bibi Sauda kaja. Anataka makopo yake."

Hakuuliza kaja vipi. Alitoka akijifunga khanga kiunoni, akazamisha mkono kwenye gunia la pili.

"Kijicho changu je?" aliuliza.

"Nisamehe, shoga yangu. Vuta."

Tulikuwa bado tunavuta, udongo mpaka kwenye nyusi, aliposimama mbele yetu mwenye nyumba anayeishi chumba cha mbele, na msuli wake, macho mekundu. Mchicha wenyewe haukuwa na hata jani.

Hakuutazama mchicha. Alitazama huku na huku uani, akashusha sauti.

"Magunia yabaki," alisema. "Mwambieni yule bibi yenu nimesikia, asirudi tena chumbani kwangu."