Nilivyohamisha Programu ya Mizani Kutoka Bungoma

Kitale wananijua. Shule niliachia darasa la sita, lakini programu inayopima mahindi kwenye maghala ya huku ni yangu, niliigharamia mwenyewe nikiuza magunia. Nilisafiri kwa sababu ghala la Tongaren lililalamika kwamba inawakata wakulima uzito kupita kiasi kwa ajili ya unyevu. Walisema nisiporekebisha kabla ya mavuno, watatafuta mtu mwingine. Programu yenyewe ilikaa Bungoma, ndani ya mfumo wa zamani kwenye kompyuta moja inayozimika ovyo. Nafula, fundi wangu, alitaka tuihamishe kwenye Git, mfumo mpya unaompa kila fundi nakala nzima.

Kiminini nilipita asubuhi na pikapu yangu, ambayo sikukopa kwa mtu kuinunua. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka pande zote za barabara.

Bungoma, Nafula alinipokea kwa chai na viazi vitamu.

"Karibu, Baba Njeri. Umenenepa."

"Si kazi inalipa."

Nikamwambia ahamishe programu ya sasa tu, marekebisho ya zamani ayaache. Mimi nikihama nyumba sibebi majivu.

"Hayo majivu ndiyo yanasema nani alibadilisha nini, na kwa nini," akasema. "Tongaren utawaeleza nini bila hayo?"

Nikavuta kiti, nikamwambia abebe yote. Tukaanza. Mfumo wa zamani uliwajua mafundi kwa vijina tu, na Nafula alitaka mpya uwe na majina kamili.

"Bosi?" akasoma kijina cha kwanza.

"Ni mimi. Nilibadilisha rangi ya skrini."

"Tajiri?"

Huyo alikuwa Simiyu, fundi wangu wa zamani. Tuliachana vibaya, siku hizi anafuga kuku Lugulu.

"Weka jina langu. Si nilimlipa?"

"Ulimlipa, ndio. Lakini soma hapa kwanza."

Simiyu alikuwa ameandika: kipima unyevu cha Tongaren kimeharibika, kinasoma chini, kwa hivyo nimeongeza makato kwa muda, kikitengenezwa, toa hii. Kipima kilitengenezwa kitambo, tena fundi wake nilimtafuta mimi. Makato yakabaki.

Nikasoma tena polepole.

"Basi weka Simiyu."

"Simiyu nani? Bungoma hii Simiyu ni wangapi?"

Sikujua. Huyo kijana alikula kwangu, akalala kwangu, na jina lake lote sikuwahi kuuliza.

Lugulu nilifika jua likishuka. Simiyu alikuwa anafagia banda.

"Niaje, bosi. Umekuja kununua mayai ama kugombana?"

"Nataka jina lako kamili."

"La nini? Ati umenipeleka polisi?"

"La kuweka kwa programu. Kazi yako inahamishwa."

Akaegemeza ufagio ukutani. "Timothy Simiyu Barasa," akasema taratibu. Nikampigia Nafula hapo hapo, Simiyu akisikia. Niliondoka na trei ya mayai, na sikuomba kupunguziwa bei.

Kesho yake Nafula alitoa yale makato, nami nikaenda Tongaren. Msimamizi wa ghala akapima gunia, akapiga hesabu yake kwa mkono, ikalingana na ya programu.

"Kumbe wewe ni fundi kweli," akasema.

"Programu ni yangu, na hakuna nyingine kama hiyo Trans-Nzoia nzima," nikamjibu. "Lakini hapo kwa unyevu, fundi ni Timothy Simiyu Barasa."

Tangu safari hiyo, mtu akianza kazi kwangu, namuuliza majina yake yote kabla sijamwonyesha kiti.