Bibi-arusi Aliyetoa Hewa kwenye Injini

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa boti moja ndogo ya dizeli iliyobeba watu na magunia kutoka Goma kwenda kisiwa cha Ijwi. Dizeli tuliiita mazutu na injini tuliiita motere. Abiria waliniita fundi. Nahodha, mzee mfupi asiyejua kungoja, aliniita tu "weye".

Jumamosi moja tulikodiwa kumpeleka bibi-arusi Ijwi. Vichujio vya mafuta vilikuwa vimeziba kwa uchafu, nikavibadilisha asubuhi pale pale gatini kabla wageni hawajafika. Sasa, ukibadilisha vichujio, hewa inaingia kwenye mabomba ya mafuta, na injini ya dizeli haivumilii hewa hata kidogo. Lazima ulegeze skrubu moja baada ya nyingine huku ukisukuma mafuta kwa pampu ya mkono, mpaka povu liishe na mafuta yatoke matupu. Nilikuwa nimemaliza skrubu ya kichujio, sijafika kwenye pampu kubwa, nahodha akaanza kelele.

"Weye, washa! Mupe anangoja ku kanisa!" Mupe ndiye padri.

"Muzee, hewa ingali mu motere."

"Itatoka yenyewe njiani."

Nikawasha. Ikawaka, tena ikanguruma vizuri hata mimi mwenyewe nikashawishika kwamba labda kweli kuna hewa zinazotoka zenyewe njiani.

Wageni walikuwa wamevaa wakapendeza. Bibi-arusi alikuwa na gauni jeupe refu na kitambaa kilichomfunika uso. Wajomba zake wawili walikuwa na makoti mazito. Mkuu wa msafara alikuwa shangazi yake, mama mnene wa Rutshuru mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walioko kilima cha pili. Kabla hatujang'oa nanga alitutangazia sheria.

"Mutoto wangu haongee leo. Kwetu bibi-arusi anafunga kinywa mpaka mama-mkwe amusalimie. Mutu asimuulize kitu."

Hatukuwa na la kumuuliza. Tukaenda, Goma ikawa ndogo nyuma yetu, wanawake wakaimba. Tulipofika mahali ambapo huoni tena watu wa ufukweni, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

Kimya kilichofuata sikukipenda. Mawimbi yalitugonga ubavuni, boti ikaanza kuyumba, na upepo wa kusini ukawa unaturudisha Goma taratibu. Wajomba wakashika ukingo wa boti na kuyapa maji vyote walivyokula asubuhi.

"Iko na nini?" akauliza shangazi.

"Hewa, Mama. Imekula hewa."

Akanitazama, akaitazama injini, uso wake ukalegea kwa huruma. "Sasa kama ni hewa, ginsi gani munaiacha inateseka? Mutoto akijaa hewa si tunamupiga mugongo?" Kabla sijajibu akainama akaipiga injini makofi ya polepole juu ya kifuniko, huku akiimba kitu chini chini. Injini ilikuwa bado ya moto. Akaondoa mkono haraka, akaapa kwamba motere hii haina adabu.

Kazi ile ilihitaji watu wawili; asubuhi nilisaidiwa na kibarua wa gatini. Mkono wa pampu ulikuwa chini upande wa kushoto, na skrubu ya hewa ya kichujio, tuliyopaswa kuianza upya, juu upande wa kulia. Nikiwa chini nasukuma, siwezi kuona juu kama povu limeisha. Nahodha alikuwa ameshika kasia tusigeuzwe na mawimbi. Wajomba walikuwa vile nilivyosema. Shangazi alijaribu kuingia kwenye shimo la injini, akakwama kiunoni, tukamvuta kwa shida.

Hapo bibi-arusi akasimama, akafunua uso, akakunja mikono ya gauni, akateremka. Hakusema neno. Akaninyooshea kiganja, nikampa spana.

"Mama," nikamwambia shangazi, "ataona povu likitoka. Likiisha, mafuta yakija matupu, aniambie niache, naye akaze skrubu."

"Nimesema haongee."

"Nitajuaje sasa?"

Shangazi akafikiri. "Atanitikisia kichwa. Miye nitakuambia."

Nikalala chini, nikaanza kusukuma. Mkono wa pampu ulikuwa mlegevu, ikabidi nizungushe injini kidogo kwa manivela, ule mpini wa chuma wa kuizungushia, ndipo ulipokamata. Nikasukuma, nikasukuma. Juu nilisikia povu likibubujika. Baadaye sikusikia kitu, ila shangazi akimfokea nahodha.

"Muzee, tunarudi Goma! Nyumba ya yule bwana iko kule, si huku!"

"Mama, niko napiga kasia, si napiga miujiza!"

Kumbe povu lilikwisha zamani. Bibi-arusi alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyevamiwa na nyuki, spana imemteleza mkononi, skrubu iko wazi, na shangazi amempa mgongo. Mimi huku chini nilikuwa nasukuma kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Mazutu ilimrukia kifuani, ikamrukia shingoni, na ilipofika mdomoni mila ikaishia hapo.

"Acha! Acha kusukuma, weye fundi! Umenimwangia mazutu yote!"

Nahodha akasahau kasia. Wajomba wakainua vichwa. Shangazi akaweka mikono kichwani, "Yesu wangu, ameongea!"

"Nimeongea," akasema bibi-arusi akitema mate. "Na bado. Fundi, sasa inabakia wapi?"

Nikamwonyesha skrubu ya pampu kubwa, kisha nati za mabomba membamba yaendayo kwenye silinda. Kwa zile nati mimi nilizungusha manivela, yeye akalegeza na kukaza, na sasa hakuhitaji msemaji. "Povu. Povu. Bado. Bado kidogo. Basi!" Alitoa amri kama aliyezaliwa kwenye shimo lile. Tulipokaza nati ya mwisho nikavuta pumzi, nikawasha. Injini ikapiga mara moja, ikasita, halafu ikashika. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata wajomba walijaribu.

Njia nzima iliyobaki shangazi alituapisha tusimwambie mtu kwamba mtoto ameongea. Tuliapa. Harufu haikuapa.

Pale Ijwi mama-mkwe alisogea na uso wa furaha, akavuta hewa puani, akasimama. Bwana-arusi alikuwa nyuma yake na tai shingoni.

"Karibu, mutoto wangu," akasema mama-mkwe kwa wasiwasi.

Sasa sheria ilikuwa imeisha kihalali. Bibi-arusi alifungua kinywa, na maneno ya kwanza ambayo mume wake alimsikia akisema siku ya ndoa yao yalikuwa juu ya vichujio, povu na nati. Alieleza yote, kwa mikono pia. Alipofika kwenye shangazi kukwama kiunoni, mama-mkwe alikaa chini kwa kucheka.

Wakamsugua kwa sabuni, wakamvika kikwembe cha jirani chenye ndege wekundu, na misa ikasomwa. Padri alipiga chafya mara nyingi. Nilimwona mtumishi wa altare akisogeza mishumaa mbali na maharusi, nikaona ana akili.

Wakati wa kuondoka shangazi alinifuata gatini na furushi.

"Fundi, hii gauni ni ya kuazima. Mwenyewe anakaa kule Goma, mutaa wa Himbi. Weye ndiye utamupelekea."

"Nimwambie nini, Mama?"

"Mwambie ni hewa."

Jumatatu nilikwenda Himbi, nikamkuta mama mmoja anafagia uwanja wake. Nikampa furushi, akalifungua, nikamwambia ni hewa. Alinifukuza na ule ufagio mpaka barabarani.