Mikia ya Uzi

Bibi yangu, aliyenilea kijijini Wingwi, hakuwa akiitazama kwa mbele kofia niliyoshona. Kwanza aliigeuza ndani nje, akatafuta mkia wa uzi. Akiuona tu, wembe ulipita na mshono wote ukafumuliwa. Kwake ncha ya uzi ilikuwa aibu ya nyumba. Hufichwa chini ya mishono mingine. Nilifika kidato cha pili sijui kushona vinginevyo.

Mwaka huo nilitaka mchepuo wa sayansi, nije niwe fundi umeme, na fomu ilihitaji dole gumba lake.

"Umeme kazi ya wanaume," alisema. "Una mkono wa kutoboa viua vya kofia, wataka nini tena?"

Fomu ikakaa juu ya kabati. Nilinuna siku tatu, hakujali.

Skuli tulipata mwalimu mpya wa fizikia, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Alitugawia sote, wavulana na wasichana, sindano, betri ya saa, taa ndogo kama punje ya mchele na uzi wa metali unaopitisha umeme. Tushone taa kwenye kofia. Wavulana wakanung'unika kwamba sindano ni ya wanawake. Mwalimu akawauliza nani kawashonea suruali zao, kama si mafundi wenye ndevu.

Mimi nilijiona nimeshapita. Mwenzangu wa dawati alishona kama anayefunga mbuzi, nyuzi zinaning'inia huku na huku. Taa yake ikawaka. Yangu, safi mbele na nyuma, ikagoma. Wavulana walicheka.

Mwalimu aliigeuza kofia yangu.

"Ncha umezipeleka wapi?"

"Nimezificha, mwalimu."

"Uzi huu hauna ganda kama waya. Ncha ya njia ya kwendea umeiingiza chini ya njia ya kurudia. Umeme umepita njia ya mkato hapo hapo, taa haikupata kitu."

Nikafumua, nikaiacha mikia miwili nje, mbalimbali, kwa mkono mzito. Taa ikawaka.

Nyumbani bibi aliigeuza kofia, akaiona mikia, akachukua wembe.

"Hii kashona nani? Si wewe."

"Ni mimi, bibi. Nikiificha, taa haiwaki."

Niliukunja mkia mmoja ukagusa uzi wa pili, taa ikazima. Nikauachia, ikawaka. Bibi akaniambia nimpishe. Alizima, akawasha, akazima tena. Kisha akauweka wembe chini.

"N'teremshie hiyo fomu."

Alipomaliza kutia dole, aliichukua tena kofia kuitazama. Alama ya wino ilibaki ndani yake, karibu na ile mikia, na hakuifua.