Chumba Kisichosikia Mvua

Mume wangu ni mtu wa Singida, na watu wa huko wanaipenda mvua kwa sababu hawaioni mara kwa mara. Alipohamishiwa Mbinga, mwaka wa kwanza alikuwa anasimama barazani kuitazama kama mtu anayetazama msafara wa harusi ukipita. Mwaka wa pili akaanza kuilalamikia. Kwetu mvua ikishaanza haina haraka ya kuondoka, na nyumba zetu ni za bati. Ikishuka kweli kweli, mtu wa sebuleni akikutukana utadhani anakuomba chumvi. Taarifa ya habari tulikuwa tunaitazama midomo tu. Mpira ndiyo usiseme: tulijua goli limeingia kwa kuona watu wanakumbatiana.

Nyumba yetu, kama nyingi za hapa mjini, imejengwa kwenye mteremko. Kwa nyuma imekaa chini kabisa, lakini kwa mbele msingi umepanda kupita kichwa cha mtu. Ndani ya msingi huo fundi alituachia chumba ambacho kuta zake za nyuma zimezikwa ardhini, na juu yake kuna zege badala ya bati. Tulikuwa tunaweka mahindi, majembe, na baiskeli ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani. Siku moja mume wangu alishuka kuchota mahindi wakati mvua inapiga, akakaa huko mpaka nikadhani ameumwa na nyoka. Aliporudi uso ulikuwa unang'aa.

"Mama watoto," akasema, "huko chini hakuna mvua."

Nilimwambia huko chini kuna panya. Hakunisikia, alikuwa ameshaanza kupima ukuta kwa mikono. Yeye kwa kazi ni afisa mifugo, lakini moyoni ni fundi wa kila kitu. Pasi yangu aliitengeneza mpaka ikafa. Aliponitangazia kwamba stoo yetu itakuwa ukumbi wa sinema, wenye projekta na spika za kutikisa kifua, nilikuwa na maneno ya kumjibu. Kilichonifunga mdomo ni aliposema chumba kitakuwa cha baba yangu.

Baba alikuwa amekuja kwetu kutoka Litembo bila kupenda. Macho yake yaliondoka pole pole kwa presha ya macho, na mama alipofariki akabaki peke yake na mibuni yake. Alikataa katakata kuhama, mpaka siku alipodumbukia kwenye ngolo shambani kwake. Ngolo ni yale mashimo tunayochimba sisi Wamatengo milimani ili maji yasiondoke na udongo. Yeye amezichimba tangu ujana wake, na sasa moja ikamshika mguu. Majirani walimkuta jua linazama, amelala humo humo, amenyamaza kwa sababu aliona aibu kuita. Nikaenda kumchukua, maana sina ndugu mwingine wa kukaa naye kule.

Alikuja na begi moja, na ndani yake koti lake zito la baridi. Tangu alipofika hakulitoa. Baridi ya Juni ilimkuta anatetemeka ndani ya shuka, koti limo begini, begi liko mvunguni. Nilipomuuliza alinijibu kwamba koti ni la safari. Kila nilipofagia chini ya kitanda kile, fagio liligonga begi na roho yangu ikashtuka. Niliogopa kwamba siku moja nitatoka shule kufundisha nikute ameita bodaboda na kurudi kwenye nyumba tupu. Safari hiyo majirani wasingemkuta kwa wakati.

Kitu kimoja tu kilichomfurahisha mjini kilikuwa mpira. Aliusikiliza redioni, kisha kwenye televisheni yetu, akigeuza sikio badala ya uso, akigombana na mwamuzi ambaye hajamwona. Mvua ikija ilimnyang'anya mpira katikati, naye alirudi kitandani kwake, juu ya lile begi. Ndiyo maana mume wangu aliposema, "Nitampa mzee pa kusikilizia," nilishika ndoo nikasaidia kutoa mahindi.

Hakuita fundi hata wa kuchanganya saruji. Trei za mayai alizikusanya kwa wauza chipsi wote wa mjini, mpaka wakawa wanamwita bwana mayai. Kwenye kinu cha kukoboa kahawa aliomba maganda, akayajaza kwenye magunia na kuyapanga ukutani kama matandiko. Juu yake akavika kitambaa cheusi kuanzia kona hadi kona. Dirisha dogo la mbele aliliziba kwa tofali ili mwanga usiingie. Mlango nao aliuvika maganda na kitambaa kile kile ili sauti isitoroke. Viti ni vya basi bovu lililokuwa linaozea gereji, na ukuta wa mbele aliupaka rangi nyeupe badala ya pazia la sinema. Kisha akaweka sheria, kama kawaida yake: simu zote zinaachwa juu, kwa sababu mtu mwenye simu hatazami.

Chumba tulikifungua mvua zilipoanza. Bisi sikukaanga, nilikaanga usipa wa Mbamba Bay, maana dagaa hao baba anawatafuna kama karanga. Mume wangu alimshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele, akawasha. Kelele za uwanjani zikatuzunguka pande zote. Baba alishika mikono ya kiti kama basi lile linaondoka tena.

"Mkwe, umefanya kazi," akasema.

Mume wangu alitembea na sentensi hiyo wiki nzima. Aliwaleta wenzake wa ofisini, Wasukuma na Wahaya na Wachaga waliotupwa Mbinga kama yeye, akawafungia ndani na kuwauliza kama wanasikia mvua. Walisema hawasikii. Alicheka kama aliyemshika mwizi.

Lakini baba aliniita barazani. Alizungumza Kimatengo, na kwa sauti ya chini, ingawa mkwe wake hajui Kimatengo zaidi ya salamu.

"Mwanangu, kile chumba sikiwezi."

Nilidhani anazungumzia ngazi. Akatikisa kichwa.

"Mvua yetu inaanzia nyumbani. Nikikaa hapa naisikia inatokea upande wa Litembo. Inashuka, inafika kwenye migomba ya jirani, inagonga bati la jiko, ndipo inafika kwetu. Najua mibuni yangu imeshakunywa. Kule chini sijui kama kuna mvua, sijui kama kuna dunia. Kule ndiko ninakokuwa kipofu."

Nikasema tumwambie mwenye chumba. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mkwe hasemwi kwa nyumba yake, akasema. Mtu amekuchinjia mbuzi, humwambii nyama ni ngumu. Atashuka kila akiitwa, na atashukuru kila akipanda. "Mvua zikipungua mtanirudisha kwetu. Basi."

Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Wakwe hawa wawili waliheshimiana mpaka ikawa kero. Wakiwa meza moja, baba alitaka chumvi kupitia kwangu, na mume wangu alimpa chumvi kupitia kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa barabara yao, na sasa barabara imefungwa. Mara kadhaa nilifungua mdomo jikoni, lakini mume wangu alikuwa ananieleza anavyotaka kuongeza spika nyingine, na nikaufunga. Huku baba akizidi kushuka, kuketi, kushukuru, na kulala juu ya begi lake.

Ilikuwa Jumapili moja ya Januari, baada ya misa. Watoto walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Wakwe walishuka kwenye mpira wao, mimi nikabaki barazani nachambua maharage. Umeme ukakatika. Hapo hapo mvua ikaja na nguvu zake zote, na mimi nikaendelea kuchambua nikijua watapanda. Maharage yakaisha. Nikaita kutoka juu ya ngazi, na nilikuwa kama naliitia bati. Nikachukua simu, nikawasha tochi, nikashuka.

Nilipofungua mlango nilimkuta mume wangu amepiga magoti kwenye kona, mikono ukutani, kitambaa kimechanika na maganda ya kahawa yamemwagika mpaka kichwani. Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameshika fimbo, hajasogea. Mume wangu hakuugeukia mwanga wa tochi. Nilijua kuna neno limeshasemwa.

Baadaye kila mmoja alinisimulia, na masimulizi yao hayatofautiani sana. Giza lilipoingia mume wangu alisimama kwa kujiamini, nyumba ni yake na ukuta ni wake. Lakini aligonga viti, akageuka, akapoteza upande. Kila alipogusa palikuwa laini vile vile, na mlango ulikuwa umevaa nguo moja na ukuta. Akaniita, sauti ikaishia mdomoni. Jasho lilipomtoka akamwambia baba, "Mzee, naomba unionyeshe mlango. Wewe giza umelizoea."

Na baba akamjibu, "Mkwe, hata mimi sijui ulipo. Tangu umalize chumba hiki sijawahi kuujua."

Nadhani ni lile giza lililowaondolea haya. Hakuna aliyeuona uso wa mwenzake. Baba alimwambia yote: mvua inayotoka Litembo, mibuni, na begi lililo mvunguni. Kisha wakakaa wakingoja mtu wa juu awakumbuke.

Mume wangu alipanda, akaoga, akakaa kitandani. Nilimwonea huruma. Alikuwa amejichubua vidole kwa ajili ya mzee ambaye si baba yake.

"Kwa nini hukuniambia?" akaniuliza.

"Nilikatazwa."

"Watu wa kwenu wana mambo."

"Na wa kwenu je? Ulikaa muda gani pale gizani kabla hujamwomba mzee msaada?"

Akacheka kidogo, bila kutaka. Kisha akaniuliza kama lile bati lililobaki tulipoezeka jiko bado lipo nyuma ya banda la kuku.

Siku zilizofuata nilisikia nyundo. Alibomoa tofali za dirisha, akaweka wavu na kibao cha kufunga na kufungua. Mlango akauvua nguo zote ukabaki mbao tupu, na komeo lililolegea linalolia kila upepo ukipita. Nje, chini ya dirisha, alisimamisha miti miwili mifupi na kulipigilia lile bati juu yake, limeinama kidogo kuelekea migomba. Majirani waliopita walimuuliza bati hilo linafunika nini, maana chini yake hakuna kuku wala kuni.

"Halifuniki kitu," akawajibu. "Hiyo ni spika."

Walinitazama mimi kwa huruma. Sikujitetea.

Mvua haikuja siku hiyo, wala kesho yake. Ilituringia kama mgeni anayejua anasubiriwa. Ilikuja mchana mmoja tukiwa wote chini, mpira uko dakika za mwisho, mwamuzi ametoa penalti. Baba alikuwa ameegemea mbele, usipa mkononi. Ghafla akainua kidole. Mimi sikuwa nimesikia kitu bado, lakini mume wangu alipunguza sauti mpaka mwisho, yeye aliyekijenga chumba kile kwa ajili ya sauti. Mpigaji alikimbia, akapiga, na hakuna aliyemtazama. Tulisikia majani ya migomba. Tukasikia bati la jiko. Halafu lile bati dogo la nje likaanza, tone moja moja, kisha yote kwa pamoja.

"Imeshapita nyumbani," baba akasema.

Akakaa akisikiliza kwa muda, anatafuna pole pole. Mume wangu naye alikaa, rimoti mapajani. Kisha baba akamgeukia upande aliko, hakupitia kwangu.

"Mkwe," akasema, "mwambie mkeo akanitolee lile koti begini. Huku chini kwako kuna baridi."

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yao, nimesikia kila neno. Nikangoja mpaka mume wangu aniambie, ndipo nikapanda kulileta.